Ligi Tatu, Goti Moja

Columbus, Ohio
Juni 2024

Wazee wangu wa kijiwe cha kahawa, Barabara ya 12, Ngamiani,

Hongereni kwa Coastal Union kumaliza ligi nafasi ya nne. Nimeitangaza habari hiyo kazini mpaka nikaombwa ninyamaze.

Mjomba aliuliza kwenye simu kwa nini mwisho wa Mei sauti yangu ilikuwa ya mfiwa. Jibu ni goti. Si langu, Mjomba, langu zima. Ni goti la kushoto la Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves, mcheza besiboli. Tarehe 26 Mei alikuwa Pittsburgh, anakimbia, hakuguswa na mtu, kano ikakatika. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Jumanne naingia bohari tunalofanyia kazi, nakuta meneja amekaa juu ya maboksi, kahawa imepoa mkononi, watu wazima wamemzunguka wanampa pole mmoja mmoja. Nilidhani mama mkwe.

Nieleze. Nyote mna timu zenu kule Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza: pauni milioni 100 za hewa, wachezaji 15, na kila Jumamosi nusu ya Ngamiani imempa Haaland unahodha. Huku nao wana yao ya besiboli, ila hapo kwenye Haaland ndipo tunapoachana. Kwenu bei imeshapangwa na kila mtu anaruhusiwa kuwa naye. Huku mchezaji ana mwenye mmoja tu katika ligi nzima, na bei yake inapatikana kwa mnada, watu wanapandishiana uso kwa uso. Kabla Sheikh hajanyanyua kidole: hakuna fedha inayotoka mfukoni. Kila mmoja anapewa dola 260 za maneno matupu anunue wachezaji 23, na anayeshika mkia analeta maandazi Ijumaa. Basi. Ila nimeona wanaume wenye nyumba na mikopo wakitoka jasho kwa dola moja ya hewa.

Mchezo huu ulibuniwa na mwandishi mmoja, Daniel Okrent, mwaka 1980, pamoja na marafiki zake waliokuwa wakikutana mkahawani New York, La Rôtisserie Française. Kwa hiyo mpaka leo aina ile ya kwanza inaitwa rotiseri, kwa jina la mahali pa kula kuku. Okrent mwenyewe anajulikana pia kwa kutowahi kutwaa ubingwa wa mchezo alioubuni, jambo linalonipa moyo kila nikitazama msimamo wetu.

Mimi niko kwenye ligi tatu. Msinilaumu, majira ya baridi huku ni marefu na watu wana njia nyingi za kukuandikisha. Na tangu niingie hizo tatu nimepata ugonjwa mpya: mtu akiniuliza fulani ana thamani gani, siwezi kumjibu mpaka aniambie kwanza ni ligi ipi.

Ya kwanza ni ya bohari, timu 12, rotiseri ya vipengele kumi. Vitano vya wapigaji: wastani wa kupiga, homrani (mpira uliovuka uzio), mikimbio, mikimbio uliyoisababisha, na vituo ulivyoiba (kukimbilia kituo cha mbele kwa kuvizia, bila mpira kupigwa). Vitano vya warushaji sitawachosha navyo. Katika kila kipengele anayeongoza anapata pointi 12, wa mwisho moja. Sasa mchukueni Esteury Ruiz wa Oakland. Mwaka jana aliiba vituo 67 na kupiga homrani tano tu. Kwenye rotiseri mtu huyu anakupandisha ngazi kadhaa za kipengele kimoja peke yake, hata kama kwingine ni mzigo. Mwezi wa tatu mwendesha foklifti wetu akamnunua kwa furaha. Mwezi wa nne, msimu haujapoa, Oakland wakamteremsha ligi ya chini. Mwendesha foklifti hakula mchana.

Ligi yangu ya pili ni ya majirani wa jengo, na huko hakuna vipengele, kuna pointi tupu, mnakutana wawili wawili kila wiki. Kila kituo unachofika kwa kupiga ni pointi, mkimbio pointi, kuusababisha pointi, kuiba kituo pointi. Homrani moja basi inaleta sita kwa uchache: nne za vituo, moja ya mkimbio, moja ya kuusababisha. Pigeni hesabu wenyewe. Vile vituo 67 vya Ruiz vinalingana na homrani 11 hivi. Homrani 11 kwa msimu mzima huku anapiga mtu ambaye hata mama yake hafuatilii. Mtu yule yule, miguu ile ile. Bohari wanamgombea, jengoni hatajwi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Kyle Schwarber wa Philadelphia. Ni mtu mnene kidogo, ndevu, anaupiga mpira kana kwamba unamdai. Mwaka jana homrani 47. Wastani wake .197, maana yake katika kila mara tano anazohesabiwa, nne amekosa. Alirudishwa benchi kwa kukosa mapigo mara 215. Lakini pia mara 126 mrushaji alirusha vibaya hadi akamwacha atembee bure kwenda kituo cha kwanza. Sasa matembezi hayo wastani hauyaoni kabisa. Kwenye mnada wa bohari, kamishna wa ligi alipomtaja Schwarber chumba kikasita, kila mtu anajua atazamisha wastani wake. Mwaka uliotangulia, wananiambia, walijaribu kuondoa wastani na kuweka asilimia ya kufika kituoni, ambayo inayahesabu matembezi. Schwarber yule yule akapiganiwa mpaka kiti kikavunjika. Wamerudisha wastani kwa sababu ya kiti.

Upande wa pili yupo Luis Arraez, mwaka jana akiwa Miami, tangu Mei San Diego. Wastani .354, alikosa mapigo mara 34 tu kwa mwaka mzima, homrani kumi. Rotiseri anakupa kipengele kimoja kizuri na vinne vya kusukuma sukuma. Kwa majirani, ambako kukosa mapigo kunakukata pointi, mama mmoja wa ghorofa ya tatu anamshika hamwachii, na kila wiki ananifunga naye akiwa anakunja nguo.

Ya tatu ndiyo ngumu. Ni ya wazee wastaafu, mmoja wao jirani yangu aliyekuwa mtu wa posta. Wanacheza kama alivyoanza Okrent: timu kumi, wachezaji wa National League peke yake, klabu 15 badala ya 30. Tena ni ligi ya kuhifadhi, ukimnunua mchezaji unaruhusiwa kubaki naye mwakani kwa bei ile ile.

Hapo ndipo nilipoelewa bei inatoka wapi, na nitawaeleza kwa samaki kwa sababu sina njia nyingine. Mashua zikirudi Deep Sea zimejaa, changu mkubwa hamna anayemshangaa, kwa kuwa wa pembeni yake naye si haba. Siku ya upepo, changu yule yule ni arusi. Bohari timu 12 zinahitaji wapigaji 168, na klabu 30 zinaanza mechi na wapigaji 270. Anayebaki rafuni bila mwenyewe ni mchezaji wa kweli, anacheza kila siku. Kwa wazee zinatakiwa roho 140, na klabu 15 zinaanza na 135. Yaani wote wameisha, na bado tunaokota wa benchi. Kwa hiyo mpigaji wa kawaida kabisa, asiye na jina, kwa wazee anafika dola 12, kwa kuwa anayemfuata ni hewa. Bei si uzuri wa mtu. Ni umbali kati yake na yule utakayempata bure.

Na hali ikibadilika kwa wote, bei nayo inahama. Mwaka 2023 waliongeza ukubwa wa vituo na kumbana mrushaji asimtishe tishe mkimbiaji, vituo vilivyoibwa vikaruka kutoka 2,486 hadi 3,503. Wezi wa kawaida wakashuka thamani siku moja. Wazee wawili bado wananunua kwa bei za zamani, na hakuna anayewaambia.

Mmoja wao alikuwa amemhifadhi Juan Soto kwa bei ya kutupa. Desemba San Diego wakamuuza Soto kwa Yankees, ambao hawako National League. Kwa sheria za wazee, Soto ametoweka. Yupo New York, anapiga, tunamwona kwenye televisheni, lakini kwetu hayupo duniani. Mzee akikutana na jezi ya Yankees njiani anavuka barabara.

Sasa turudi kwenye goti. Mwaka jana Acuña alipiga homrani 41 na kuiba vituo 73, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Meneja alimnunua kwa dola 56, zaidi ya moja ya tano ya mali yake yote. Ligi ya bohari inaisha Septemba na kila kitu kinafutwa, kwa hiyo goti lilipokatika dola 56 zilizikwa siku hiyo hiyo. Jengoni mwenye Acuña alimwacha bila kutoa machozi, akachukua mwingine kwa wiki ijayo. Kwa wastaafu, saa mbili baada ya habari kutoka, simu ya mwenye Acuña ilikuwa inapigwa na watu watano. Mgonjwa wa mwaka huu ni mzima wa mwakani, kwa bei ya zamani. Jirani yangu wa posta alitoa warushaji wawili wazima kumpata mtu mwenye magongo, na wenzake wakasema amewaibia.

Meneja wetu hana mwakani, hivyo amegeuka mfanyabiashara. Kamishna wa ligi yetu, mjue, ni kijana anayefagia gati la kupakulia, na meneja mwenye ofisi na kiyoyozi humwita Bwana Kamishna. Wiki iliyopita meneja alinijia mimi na ofa: nimpe mrushaji wangu wa kufunga mechi, anipe Jumamosi tatu za mapumziko zenye malipo. Nilikuwa nimeshasema ndiyo. Kamishna akaegemea ufagio, akafungua karatasi ya sheria, akasoma vipengele vyote kumi kwa sauti, akasema Jumamosi haimo.

Rufaa tumepeleka. Msalimieni muuza kahawa.

Mpwa wenu.