Kibao cha Mzee

Mzee, baba yangu, ndiye aliyekiona. Ilikuwa siku ya mnada, na kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu, chini ya mapande ya karasha lililokufa huko machimboni, ilichungulia pembe ya bati lenye herufi. Akaomba livutwe. Kumbe kibao cha njia panda, kimepinda na kuliwa na kutu, ila bado kinasomeka: Masumbwe, Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Akakilipia kwa bei ya kilo, kama mtu anunuavyo misumari, akakifunga nyuma ya baiskeli na kuja nacho nyumbani.

Ukitaka kujua kilichomgusa, fungua kasha letu la nyaraka. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema wilaya ya Kahama. Cha mwanangu wa kwanza kinasema Bukombe, maana wilaya ilikuwa imeshagawanywa. Cha kitinda mimba kinasema Mbogwe, mkoa wa Geita, kwa sababu mwaka 2012 mkoa mpya ulimegwa kutoka Shinyanga, Mwanza na Kagera, nasi tukaangukia humo. Wote watatu tumelelewa chini ya mwembe ule ule. Hatujawahi kuhamisha hata kinu.

Mzee alikiweka kibao chini ya kitanda, akisema atakitafutia mahali ukutani. Mama naye alikuwa na haja yake. Viazi vilikuwa vimevunwa, michembe imekatwa, na mbuzi wa jirani hawaachi kitu juu ya mawe. Alipofagia chumbani akaona bati pana, akalipandisha juu ya banda la kuku na kuanika michembe yote. Jua la siku tatu likafanya kazi yake: rangi ilibabuka, ikashikana na vipande vya viazi. Mke wangu ndiye aliyegundua, akampigia goti. "Mama, hii tusile. Rangi ya barabarani si ya kuingia tumboni." Debe zima likafukiwa shimoni. Mama hakusema neno. Alikaa mlangoni pa jikoni na kisu chake mapajani hadi giza likaingia, na mimi hadi leo naumia nikikumbuka, kwa maana michembe ile ndiyo ilikuwa chakula chetu cha miezi ya njaa.

Mzee alipanda kukiteremsha, boriti ya banda ikakatika. Kuku wakatawanyika, yeye akatua kwa kiwiko, kibao kikabingirika hadi njiani. Na njiani, saa ile ile, alikuwa anapita mwenyekiti wetu wa kitongoji.

"Shikamoo mzee. Pole sana. Hili bati mmelipata wapi?"

"Marahaba. Nimelinunua, mwanangu."

"Risiti ipo?"

Simlaumu. Mwaka 2022 nchi nzima ilisimamishiwa nguzo za majina ya mitaa katika operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa ya Agosti 23, na tangu hapo nguzo nyingi zimeng'olewa na kuishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Mtu anayekuta kibao cha umma kwenye ua wa mtu lazima aulize. Lakini nilimtazama baba yangu, mtu ambaye hajawahi kuokota hata embe la mwenzake, akisimama na kiwiko kinachovuja damu huku majirani wakikusanyika, nikatamani ardhi ipasuke. Kibao kilichukuliwa kwenda ofisini.

Kwingine kibao kama hicho huuzwa kihalali. Machi 2021 huko London, halmashauri ya Westminster ilipeleka mnadani vibao vyake vya mitaa vilivyostaafu, zaidi ya 200. Kile cha Abbey Road, mtaa ambao The Beatles waliipa albamu yao ya 1969 jina lake, kiliuzwa kwa zaidi ya pauni 37,000. Sisi hatuna Abbey Road, na sidhani kama kuna anayeweza kutoa hata laki kwa ajili ya Bukombe ya zamani. Ninachokitamani kwa watu wa Westminster ni ile karatasi ambayo wanunuzi waliondoka nayo. Kwetu serikali hunadi magari chakavu na samani za ofisi, mnunuzi akaondoka na stakabadhi yake. Vibao vya zamani viwekwe kwenye mnada huo huo. Mzee angelipa, angepewa karatasi yenye muhuri, na jina la mahali alipozikia wazazi wake lingekuwa ukutani kwake kihalali. Sasa njia pekee ya kulipata ni mkokoteni, na mkokoteni hautofautishi kibao kilichostaafu na kilichoibwa usiku.

Nimeandika barua kuomba tukinunue. Nilijibiwa kwa upole kwamba utaratibu wa kuuza kitu cha namna ile haupo, nisubiri. Kibao kimeegemezwa nje, kwenye ukuta wa nyuma wa ofisi, palipo na michirizi ya paa. Mvua za kwanza zilipoanza, mzee aliniomba turubai la kufunikia mpunga. Alikwenda nalo kwa baiskeli, akiendesha kwa mkono mmoja kwa sababu ya kiwiko, akaomba ruhusa kwa mlinzi, akakigeuza kibao herufi zitazame ukutani, akakifunika na kukibana kwa mawe manne.

"Shinyanga bado inasomeka," alisema aliporudi, akamwomba mama maji ya kunawa.