Sifa za Flashi

Watu wamemsifu ng'ombe, wamelisifu jahazi, wameisifu hata pilau. Flashi, kidude kisichozidi kidole gumba, hadi leo haijapata wa kuiimba. Mimi si malenga, ila nina deni nayo tangu Jumamosi moja hapa Busia.

Siku hiyo tulikutana wasanidi programu wapatao thelathini, sisi wa huku na ndugu zetu wa upande wa Uganda, kuzungumzia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Tulinena mazuri. Tulikumbushana kwamba Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, kwamba kila badiliko huandikiwa nani kalifanya, lini na kwa nini, na kwamba aliyeizoea hapotezi kitu. Jioni nikapewa kazi ya kukusanya slaidi za wazungumzaji. Nikawauliza mmoja mmoja: "Umeiweka wapi kwenye Git?" Wakajibu kana kwamba wamefundishwa na mwalimu mmoja: "Bosi, leta flashi nikuwekee."

Anayesifiwa huanziwa nasaba. Flashi iliingia sokoni mwaka 2000. Za kwanza zilibeba megabaiti 8 tu, nazo zikaonekana ghala. Kwa hiyo ni mkubwa wa Git kwa miaka mitano, na kwetu mkubwa hupishwa njia.

Sasa matendo yake. Litazame trela mpakani Malaba: foleni, hati, wakala wa forodha, mihuri, dereva amelala chini ya gari lake akisubiri kuitwa. Busia tulijengewa kituo cha pamoja cha mpakani, marais wawili wakakizindua Februari 2018, ili gari likaguliwe mara moja tu, upande linakoingia. Flashi hata hiyo mara moja haiijui. Huvuka mfukoni mwa suruali, kati ya funguo na shilingi za nchi mbili, na hakuna aliyewahi kuiuliza imebeba nini. Ni boda boda ya maarifa. Na boda boda yenyewe, wazee husimulia, ilipata jina hapahapa, baiskeli zilipokuwa zikipeleka watu kutoka kituo cha mpaka huu hadi cha ule. Git ni forodha, hutaka maelezo. Flashi ni njia ya panya.

Na apitaye njia ya panya harudi mikono mitupu. Ichomeke kwenye laptopu tatu za rafiki zako, kisha kwenye yako: utakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato zisizofika popote. Usinung'unike, umeguswa na mwenye cheo. Kule Natanz, Iran, mitambo ya nyuklia ilitengwa kabisa na intaneti, lakini kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kiliingia. Na inaaminika kilibebwa na flashi. Walinzi walikuwapo. Kuta zilikuwapo. Mgeni akapita.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni huruma. Git haisahau kosa. Utalikuta miaka kumi baadaye, na jina lako ubavuni. Flashi husitiri. Nilipoifungua usiku ule nilikuta Slaidi_mwisho, Slaidi_mwisho_kabisa na Slaidi_mwisho_kabisa_hii_ndiyo, zote tatu za bwana aliyetuhubiria asubuhi tusiyape mafaili majina ya namna hiyo. Ile ya "mwisho" ilikuwa mpya kuliko ile ya "mwisho kabisa". Ipi ni ipi? Ikabidi nimpigie simu, tukajuliana hali, nikaulizia watoto. Git ingetunyima undugu huo.

Jumapili jamaa mmoja akaiazima flashi ile, akanakili, akampa mwingine, na huyo akavuka nayo daraja la Malaba. Sikuiona tena. Slaidi za mkutano wetu, yangu ikiwemo, zikaenda zao bila hati wala muhuri.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Tororo kutufundisha Git. Alikuwa na slaidi safi, nikamwona fundi kweli. Alipofika kwenye slaidi ya nne nikasoma "kuhifahdi mabadiliko". Neno lile nalijua. Nililiandika mimi, usiku, umeme ukikatika.

Nikatafuta jina langu kwenye slaidi zote, halikuwapo. Kosa langu tu ndilo lililofika salama.