Mluzi Kwenye Spika

Kuna kipindi ilikuwa ukikanyaga mafuta kwenye gari langu, spika zinapiga mluzi. Gari likiwa silensa, unasikia kasauti ka mbu. Ukiongeza mwendo, kanapanda nako, na ukitaka kulipita lori, mluzi unafika juu kabisa na kumfunika mtangazaji. Zima injini uache redio peke yake: shwari.

Kila aliyepanda alikuwa na lake. Shemeji alisema ni Bluetooth. Jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema injini inakufa. Siku tunampeleka mama mkwe Kibaha, aliuliza kwa upole kabisa ni nani huyo anayempigia mluzi mtu mzima.

Ukitafuta mchawi, anza na Ujapani. Redio iliyokuja na gari ilianzia 76 FM na kuishia 90, kama walivyozoea kwao, wakati stesheni nyingi za Dar es Salaam ziko juu ya hapo. Kwa hiyo unafunga redio nyingine. Na ukishafunga redio, fundi hakuachi mpaka uweke na amplifaya kwenye buti.

Fundi wa kwanza kuitwa alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Alteneta hiyo, bosi." Ni kweli, diodi ya alteneta ikifa, mluzi unaweza kuja. Ila huyu alitaja bei kabla ya kufungua boneti, na mita iliposoma volti 14.1, ambazo ndizo zinazotakiwa injini ikiwaka, akasema mita ndiyo mbovu.

Wa pili alikuwa mzee wa Gerezani, mvivu wa maneno. Alichomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya, mluzi ukakatika hapohapo. Basi amplifaya haina neno, uchafu unaingilia huko kwenye nyaya. Akafunua zulia la buti. Bolti ya ethi ilikuwa imekazwa juu ya rangi ya bodi, imezungukwa na kutu. Rangi haipitishi umeme, hivyo umeme wa amplifaya ulikuwa unarudi kwa njia za panya, kupitia nyaya za sauti mpaka kwenye redio, na kelele za alteneta zikidandia humohumo. Mzee akakwangua rangi kwa kisu hadi bati likang'aa, akakaza bolti upya. Nyaya za sauti akazihamishia upande wa pili, mbali na waya mnene wa betri. Akaomba hela ya soda.

Mluzi mkubwa ukaisha. Umebaki mdogo, unaotokea simu ikichajiwa humo garini huku imechomekwa waya wa kwenda kwenye redio, maana hapo ethi zinakutana tena. Kuna kifaa kidogo cha kuzitenganisha, nikashauri tukinunue. Mke wangu akajibu kwamba simu yake ina asilimia nne, haichomoi, na mluzi haumsumbui hata kidogo. Kinachomsumbua ni mimi ninavyoimba.