Namna ya Kumfisha Samaki Maji

Wanaosema samaki hafi maji hawajawahi kuwa na tangi. Mimi niliwamaliza sita kwa siku tatu, tena nikiwa mgeni wa kazi. Ukifuata maelekezo haya, nawe utaweza.

Anza Jumamosi, mshahara ukiwa umeingia. Nunua kila kitu kwa mkupuo: tangi la lita 40, changarawe za bluu, chujio, na samaki wa dhahabu wanane. Usimuulize muuzaji watakua hadi kufikia wapi. Maswali huchelewesha biashara.

Nyumbani, fungua bomba ujaze. Ile harufu ya dawa ni klorini, imewekwa ikulinde wewe na kipindupindu. Matamvua ya samaki nayo yataunguzwa bila gharama ya ziada. Wapo waoga wanaoacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima au mbili, pampu ya hewa ikibubujika ndani, mpaka klorini itoke. Wengine hutia matone ya dawa ya kuiondoa, hasa pale maji yalipowekwa kloramini, ambayo haitoki kwa kusubiri tu. Wewe ndoo zako ni za kufulia. Zisugue kwa sabuni, zinukie.

Una kisima cha pwani, chenye maji yanayoharibu hata chai? Jitetee kwamba samaki wa Ziwa Tanganyika hupenda maji magumu, pH ikikaribia 9. Ni kweli wanapenda. Usitaje kwamba ugumu na chumvi ya bahari ni vitu viwili, wala kwamba vile visamaki vidogo vyenye mstari wa buluu vya Amazon vimezoea maji laini yenye asidi kidogo. Watie wote pamoja.

Sasa tazama: maji yanang'aa kama kioo. Hapa ndipo wengi huokoa samaki wao kwa bahati mbaya, kwa hiyo kuwa makini. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua yale yale anayopumulia. Tangi la zamani lina bakteria waliojishika kwenye changarawe na sifongo la chujio; kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Tangi lako jipya halina hata mmoja. Kuwakuza huchukua kama wiki nne hadi sita, chujio likizunguka na chembe za chakula zikioza humo bila samaki, hadi kipimo kionyeshe amonia na nitriti ni sifuri. Nani mwenye wiki sita? Watoto wameshawapa samaki majina.

Kuna hata njia ya mkato ya aibu: kwenda kwa jirani mwenye tangi lililokomaa, kumwomba kipande cha sifongo chake kichafu, kama mtu anavyoomba kijiko cha mtindi cha kugandishia maziwa. Usikubali uchafu wa watu.

Kutia samaki ni rahisi: pasua mfuko, mwaga wote na maji yao. Mambo ya kuuelesha mfuko juu ya tangi dakika 15 au 20 ili joto lilingane, kuongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha kuwahamisha kwa wavu wawili wawili, wiki hadi wiki, ni ya wasio na shughuli.

Siku ya pili maji yatakuwa meupe kama tui. Ni bakteria wanaoanza kuzaana, basi wawahi. Mwaga yote, osha changarawe kwa maji ya moto, kamua sifongo chini ya bomba, jaza upya.

Siku ya nne rudi dukani. Muuzaji atakupa pole kwa sauti ya msibani, huku mkono mmoja umeshapuliza mfuko.