Sifa za Mheshimiwa wa Utumbo Mpana

Escherichia coli ni bakteria mwenye umbo la kijiti. Mia tano wakijipanga mstari, kichwa kwa mkia, ndipo wanafika milimita moja. Makao yake ni utumbo mpana wa binadamu, ng'ombe na kuku, na mlango anaotokea hauhitaji kutajwa. Simba amewekwa kwenye nembo za serikali na tai kwenye bendera, lakini wote wawili hawajawafundisha wanasayansi hata robo ya waliyofundishwa na mkazi huyu wa chooni.

Huingia tumboni mwa mtoto katika siku za mwanzo za uhai wake, bila kubisha hodi, kisha hulipa kodi ya pango kwa kutengeneza vitamini K. Ni kweli ana ndugu waharibifu: wapo wanaoharisha watu, hata kuwaua, na wapo wanaopanda njia ya mkojo. Ukoo gani hauna watundu? Hata sifa yake mbaya ina faida, kwani akionekana kwenye maji ya kisima, wapimaji hujua choo kimefika kisimani.

Daktari wa watoto Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885, baada ya kuchunguza nepi za watoto wachanga kwa makini ambayo wengine huyaweka kwa dhahabu. Mwaka 1922 aina iitwayo K-12 ilitolewa kwenye choo cha mgonjwa wa dondakoo huko Stanford, Marekani. Hakuna choo kilichowahi kutukuzwa kama hicho. Kwa K-12, Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha mwaka 1946 kwamba bakteria hupeana jeni. Mwaka 1961, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitumia majimaji ya seli zake zilizosagwa kusoma neno la kwanza la lugha ya jeni.

Ulaji wake nao ni somo. Jacques Monod, mjini Paris, alimwandalia glukosi na sukari ya maziwa kwa pamoja. Mheshimiwa alimaliza glukosi kwanza, akatulia kidogo, ndipo akatengeneza kimeng'enya cha kuvunjia sukari ya pili: mgeni asiyewasha jiko la makande wakati sinia la pilau bado lina kitu. Kutokana na ubahili huo, Monod na François Jacob waligundua kwamba jeni zina swichi. Mwaka 1978 bakteria huyu alitiwa jeni ya insulini ya binadamu akaitengeneza bila manung'uniko. Hapo awali wagonjwa wa kisukari walitegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Mwaka 1988 mtafiti Richard Lenski aliwagawa bakteria hawa katika chupa 12 zenye glukosi kidogo na sitrati, chakula wasichoweza kukila penye oksijeni. Kila siku asilimia moja ya kila chupa ilihamishiwa chupa mpya. Baada ya vizazi zaidi ya 31,000, chupa moja ilichafuka ikawa nzito kama maji ya mchele. Watafiti walishuku kwamba kijidudu cha nje kimeingia. Vipimo vikaonyesha ni yuleyule, amejifunza kula sitrati. Mababu zake waliohifadhiwa kwenye barafu walipoyeyushwa na kuanzishwa upya, baadhi ya wale wa baada ya kizazi cha 20,000 walirudia maajabu hayo; wa kabla ya hapo hawakuweza. Chupa nyingine 11 zilibaki na glukosi yao.