Niacheni Ninune

Dar es Salaam huwezi kununa kwa amani. Ukipita mtaani umeinamisha kichwa, lazima atokee mtu akuulize, "Mzee, vipi, mbona hivyo?" Na ukianza kumweleza hakungoji umalize. Ameshakujibu: "Usijali, Mungu yupo." Mungu yupo, najua, wala sikuwa nimemtilia shaka. Nilikuwa nazungumzia luku iliyoisha usiku wa manane na kwenye simu hamna hata senti.

Halafu kuna pole. Hapa kwetu pole haina bei, na hutolewa kwa kila jambo. Ukipiga chafya, pole. Ukijikwaa, pole. Ukitoka kazini, pole na kazi, na ukiacha kazi ukaenda kupumzika kijijini, pole na safari. Juzi hapa Tandika bodaboda kapita katikati ya dimbwi, kanilowesha suruali mpaka kiunoni. Kabla sijapata tusi la kumtosha, akageuza shingo huku anaondoka: "Pole, mzee wangu!" Sasa utamfanya nini? Amekukosea, amekupa pole, ametokomea, na wapita njia wanakutazama wewe, wanangoja useme umeshapoa.

Nyumbani nako si salama. Shangazi yangu wa Tanga huamka alfajiri, akaswali, kisha akatutumia waridi. Kila siku waridi, lina umande, na chini yake maandishi yanayometameta: LEO NI SIKU YAKO. Jana haikuwa siku yangu. Ilikuwa siku ya mwenye nyumba, aliyekuja kudai kodi ya miezi sita, na sura yake haikuwa na umande wowote.

Niliwahi kuandika kwenye lile kundi la familia, kwa lugha nyepesi, kwamba siku hizi silali vizuri, nina mawazo. Simu ilitetemeka mpaka ikataka kudondoka mezani. Ikaja mikono ya kuomba, ikaja mioyo, ikaja misuli ya kijana mnyanyua vyuma. Binamu mmoja akanirushia sauti ndefu ya mhamasishaji anayepiga kelele huku kinanda kinalia nyuma yake, ikamaliza bando nililoliwekea akiba. Hakuna aliyepiga simu kuuliza: mawazo ya nini?

Hao wahamasishaji nao ni habari nyingine. Mpwa wangu, kwa nia njema, alinilipia kiingilio cha semina kwenye ukumbi wa hoteli. Tukasimamishwa. Tukaambiwa kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, "Wewe ni tai." Jirani yangu alikuwa baba wa makamo, shati limemganda mgongoni, katoka Gongo la Mboto kwa daladala mbili. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, wewe ni tai." Nami nikamwambia na yeye ni tai. Tukakaa kimya, tai wawili wasiojua chakula cha mchana kimo ndani ya kiingilio au kinauzwa.

Kilikuwa kinauzwa.

Mhamasishaji akatufunulia siri ya matajiri: wanaamka saa kumi alfajiri. Nikamkumbuka mama anayetuuzia maandazi mtaani, ambaye saa tisa usiku jiko lake limeshashika moto. Nikawakumbuka makonda, walinzi, vijana wa kupakua samaki Feri. Kama kudamka ndiko utajiri, mama yule leo angekuwa anamiliki Posta nzima, na makonda wangekuwa wanatupangisha Masaki. Nikanyoosha mkono niulize hilo. Akaniambia niache fikra hasi, akaendelea kuuza kitabu chake.

Kinachonikera kwa watu hawa wote, kuanzia bodaboda mpaka shangazi, si kwamba wanasema uongo. Ni haraka yao. Mtu anayekwambia usikate tamaa, mara nyingi anachotaka ni wewe ukate maelezo. Huzuni yako inamchelewesha. Anakupa neno moja la kukuziba mdomo, anapita zake na moyo mweupe, kwamba leo kamtia mtu nguvu.

Nakubali kwamba na sisi wenyewe tunasaidia kujificha. Ukiulizwa habari za nyumbani, jibu ni nzuri. Hata kama paa limeezuliwa, kwanza nzuri, ndipo inakuja "ila". Nimewahi kumwamkia jirani akanijibu, "Nzuri tu, watoto hawajambo, ila tumeibiwa kila kitu." Anayesalimu kwa kupita hafiki kwenye ila. Ameshakunja kona, amebeba nzuri yake.

Ndiyo maana sikushangaa sana mwaka 2018 ilipotoka ile ripoti ya furaha duniani, ambayo hutolewa kila mwaka karibu na tarehe 20 Machi, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012 kwa ajili ya furaha. Tanzania tulikuwa wa 153 kati ya nchi 156. Wa kwanza walikuwa Ufini, na mwaka uliofuata wakarudia. Sisi pia mwaka uliofuata tukarudia: 153 ile ile, kama tumenunua kiwanja pale.

Habari ililetwa kijiweni kwetu, kwenye kahawa, na kijana anayesoma magazeti kwenye simu. Wazee wakachachamaa. Nani kaja kuwapima? Lini? Kwa mashine gani? Kijana akaeleza kwamba hakuna mashine. Unaambiwa ufikirie ngazi yenye vidato, sifuri chini, kumi juu. Juu kabisa ni maisha mazuri kupita yote unayoweza kuyapata, chini ni mabaya kupita yote. Haya, wewe umesimama kidato cha ngapi? Ni kipimo cha Mmarekani mmoja, Hadley Cantril, cha tangu miaka ya 1960.

Fundi seremala akataka kujua ngazi yenyewe ni ya mbao gani na imeegemezwa wapi. Muuza kahawa akauliza nani kaishika kwa chini. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, akasema yeye hata kama yuko kidato cha nane hawezi kumtajia mgeni aliyekuja na karatasi, maana jirani akisikia kesho yuko mlangoni anakopa. Atasema cha tatu. Na mwenzake akasema kusema kumi ni kumkufuru Mungu, yeye angesema cha nne, ashukuru. Nikaona jinsi 153 inavyotengenezwa.

Ila ripoti ile, mtu akiisoma mpaka ndani badala ya kuishia kwenye msimamo wa ligi, inataja mambo wanayoona yanaelezea tofauti za nchi na nchi: kipato, afya, uhuru wa kujiamulia, ukarimu, rushwa, na kama mtu ana wa kumkimbilia anapopata shida. Kijana aliposoma hilo la mwisho, mstaafu wa bandari akasema, "Wa kumkimbilia yupo. Tatizo na yeye anakimbia."

Habari iliyonipunguzia hasira nilipewa na jirani yangu, nesi mstaafu, mwanamke asiyetuma waridi. Siku hiyo alinikuta kibarazani nimenuna akaniuliza nimenunia nini, nikamwambia nimenunia watu wanaoniambia nisinune. Badala ya kunipa pole akavuta kigoda, akanisimulia habari za Zimbabwe.

Kuna daktari wa magonjwa ya akili kule Harare, Dixon Chibanda. Katika nchi nzima madaktari wa aina yake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Alikuwa na mgonjwa, msichana, aliyejiua. Familia ilikuwa inajua binti anatakiwa kurudishwa hospitali, ila nauli ya basi haikupatikana. Daktari akaona kwamba kumsubiri mgonjwa ofisini hakutoshi. Mwaka 2006 akaenda Mbare, kitongoji cha watu wa hali ya chini, kuomba msaada. Vyumba vya zahanati vimejaa, manesi wana kazi hadi shingoni. Alichopewa ni mabibi kumi na wanne, wahudumu wa afya wa kujitolea, na uwanja wa nje. Wakaweka mabenchi ya mbao chini ya miti.

Nesi akacheka peke yake kabla ya kuendelea. Mwanzoni daktari, kwa kisomo chake, aliliita benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia hakuna mtu atakayekuja kukaa hapo. Nikaifikiria Tandika. Weka benchi sokoni, liandike maneno hayo, uone nani atakalia. Hapa mtu akiongea peke yake kidogo tu, wenzake wanamuulizia basi la Dodoma, kwamba apelekwe Mirembe, hospitali ambayo tangu 1927 inatibu watu na sisi tangu 1927 tunaifanyia utani. Mabibi wakasema liitwe benchi la urafiki. Watu wakaja.

Nikamuuliza, hao mabibi huwaambia watu nini? Nilitarajia tai. Akasema kwanza hawasemi, wanauliza. Mtu anamwaga matatizo yake yote: mume, madeni, ugonjwa, mtoto aliyepotelea mjini. Bibi anasikiliza mpaka mwisho, halafu anamuuliza, katika haya yote tuanze na lipi? Moja tu. Kisha wanatafuta pamoja hatua ndogo anayoiweza mtu mwenyewe wiki hii, na miadi ya kurudi kusema imekwendaje. Mwaka 2016 utafiti uliohusisha watu 573 ulichapishwa katika jarida la madaktari la Marekani, JAMA, na baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Sasa mabenchi hayo yamefika Malawi, na yamevuka hata maji hadi Zanzibar.

Kwa hiyo, nikamwambia kwa majivuno, sisi wanaume wa kijiwe cha kahawa tumekuwa tukitoa tiba hiyo miaka yote. Akanitazama kwa jicho la wodini. "Mabibi wale wamefundishwa," akasema. "Na wana siri. Nyie mkiambiwa jambo saa mbili, saa tatu liko Mbagala." Akaongeza kwamba kijiweni kwetu hajawahi kuona mwanamke amekaa. Kweli. Wao huketi mkekani wakisukana, au kwenye kikoba chao, na huko nasikia maswali ni makali kuliko ya polisi.

Sikumbishia. Ila kijiwe nacho kina namna yake, na mfano wangu ni wa mpira, samahani kwa wasiopenda.

Mimi ni mtu wa Simba. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga 5-1. Kesho yake sikutoka. Nikawaambia wa nyumbani nina mafua, nikavuta shuka. Kwenye simu kulikuwa na waridi na maneno kwamba kila anguko ni mwanzo wa kuinuka. Saa nne mjukuu wa muuza kahawa akabisha hodi, ametumwa. Kaleta kifurushi cha gazeti, ndani yake maandazi. Nikayahesabu. Matano. Mtoto akasimama wima kama askari, akatoa ujumbe wote kama alivyokaririshwa: "Wamesema babu usipokuja, wataleta na lile lenu moja."

Nikavaa kandambili nikaenda. Walinizodoa mpaka karibu na adhuhuri. Mkono wenye vidole vitano ulikuwa salamu, ulikuwa kwaheri, ulikuwa namna ya kuagiza kahawa. Walipochoka kucheka, mstaafu wa bandari akaniuliza, sauti ya chini, kodi niliyokuwa nadaiwa wakati ule imefikia wapi. Nikasema nusu. Akauliza mwenye nyumba kasemaje. Nikamwambia. Akauliza mama watoto anajua? Hapo nikanyamaza. Akaagiza kikombe kingine, akakaa, akasubiri. Kahawa ikapoa.

"Mwambie leo," akasema. "Kesho nitakuuliza."

Na kweli kesho yake aliniuliza, mbele ya watu, mshenzi yule, kwa sauti ya kuita daladala. Lakini nilikuwa nimeshamwambia mke wangu, na usiku ule nililala.

Tatizo letu sasa ni benchi lenyewe. Limelegea mguu mmoja tangu masika. Ukikaa upande wa kushoto na mwenzako akainuka ghafla, unakwenda chini wewe, kikombe na kashata yako. Fundi seremala hukaa hapo hapo kila siku, upande wa kulia, ulio mzima. Tukimwambia anasema kesho, mbao hazijapatikana. Wiki iliyopita nikachoka, nikamwambia: mbao nanunua mimi, misumari nanunua mimi, wewe nitajie pesa ya ufundi tu.

Fundi yule ni Yanga wa kuzaliwa. Hakufungua mdomo. Aliweka kikombe chini, akafuta kiganja kwenye shati, akauinua mkono juu na vidole vyote vimetanuka. Kijiwe kizima kikaanguka kwa kicheko, benchi nalo likaanguka nacho. Nikamuuliza, elfu tano? Akanipungia tu mkono ule ule. Hadi ninapoandika haya sijui kama ile ilikuwa bei.