Kodi Baridi, Kodi Moto

Wewe uliyeoa kwenye ukoo wenye kijana aliyekwenda ng'ambo, sogea tukae pamoja. Wengine waendelee kuanika mpunga.

Mdogo wake mama watoto, tunayemwita Balozi tangu alipovaa tai kwenda kuchunga ng'ombe, amepata kazi ya uuguzi Stuttgart, Ujerumani. Tulimsindikiza hadi Mpanda kwa basi, tukakatiza Hifadhi ya Katavi mbung'o wakitutafuna, mama mkwe akilia kuanzia Kibaoni hadi Sitalike bila kituo. Mama mkwe huyo ndiye Spika, maana vikao vya nyumba hii anavifungua yeye na kuvifunga yeye. Nyumba, naomba ieleweke, niliijenga mimi.

Sasa Balozi kapata chumba, akatuma mkataba wa pango kwenye simu yangu. Kwa nini yangu? Ndiyo yenye bando. Kijerumani kitupu, kurasa haziishi. Kifungua mimba wetu, Profesa, akaupitisha kwenye programu ya kutafsiri, na mdogo wake, Redio Mbao, akakaa mlangoni tayari kuufikisha sokoni.

Tukaanza na kodi. Kule ziko mbili: kodi baridi, ya kuta na paa tu, na kodi moto, ambayo imeongezwa gharama za kupasha nyumba, maji na taka. Spika akainua mkono.

"Joto nalo wanauziwa?"

Mtu amezeekea hapa Majimoto, maji yanatoka ardhini yakiwa moto tayari, hayana mita wala bili. Utamweleza nini? Nikajitahidi. Nikasema ile nyongeza ni makadirio, mwaka ukiisha mwenye nyumba anapiga hesabu: uliyebana matumizi unarudishiwa, uliyezidisha unaongeza. Mama watoto akasema mdogo wake hajawahi kuvumilia baridi, kwa hiyo tujiandae kuongeza. Tujiandae! Huo wingi umeusikia?

Kipengele cha kufagia ngazi kwa zamu, jambo ambalo watu wa Stuttgart hawana mzaha nalo, kilipita kwa kicheko. Balozi hapa alikuwa akiruka fagio kama nyoka.

Kicheko kilikatika Profesa aliposoma kwamba chumba hakina jiko. Si sufuria zilizokosekana, ni sinki, makabati, kila kitu. Kumbe Ujerumani wapangaji wengi wakihama wanang'oa jiko lao na kuondoka nalo. Spika akanyamaza. Uogope ukimya huo. Mara ya mwisho kunyamaza hivyo, baiskeli yangu iligeuka beberu. Na beberu mwenyewe, kwa taarifa yako, alikula cheti changu cha ndoa, na sikuona aliyesikitika.

Nikawapoza kwa habari ya dalali. Tangu mwaka 2015, sheria ya kule inasema anayemlipa dalali wa nyumba ya kupanga ni yule aliyemwita kazini. Mwenye nyumba kamwita, mwenye nyumba alipe. Huku kwetu dalali anakuonyesha chumba kimoja, anadai kodi ya mwezi mzima, na mwenye nyumba bado anataka ya miezi sita mkononi.

"Kwa hiyo imebaki dhamana," akasema mama watoto.

Dhamana inaweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu. Vichwa vyote vikageukia ghala langu. Nilikuwa nimejipanga, ndugu yangu. Usiku kucha mimi na Profesa tulikuwa na kifungu cha 551 cha sheria yao ya madai: mpangaji ana haki ya kulipa dhamana kwa mafungu matatu yaliyo sawa, la kwanza upangaji unapoanza, mengine miezi miwili inayofuata. Basi tuuze theluthi ya mpunga sasa, nyingine isubiri bei ipande, maana kila mkulima wa bonde hili anajua kuuza wakati wa mavuno ni kugawa sadaka. Nilisimama kabisa, nikazungumza kama wakili.

"Magunia yaliondoka Jumatatu," akasema mama watoto. "Yote."

"Yalipita wapi?"

"Si ile Fuso uliyoisukuma ilipokwama?"

Nikakaa. Nikajifariji kwa neno la mwisho la kifungu hicho: mwenye nyumba hana ruhusa ya kuchanganya dhamana na fedha zake, aiweke mahali pa kuzaa riba, na riba ni ya mpangaji. Balozi akihama bila kuharibu kitu wala kuacha deni, atarudishiwa.

"Ikirudi," nikauliza kwa adabu zote, "inarudi kwa nani?"

Spika akafunga kikao. Redio Mbao alikwisha kufika sokoni na habari za Wajerumani wanaohama na sinki. Kesho tunakaa tena, ajenda ni jiko la Balozi, na tangu asubuhi kuna mtu anamzunguka beberu wangu akimpapasa mgongo.